Tutalala Wapi?
Shauri kwa wazazi wanaopeleka watoto kwenye bustani kubwa ya michezo

Mdogo wangu anakaa Bruxelles, katika nchi ya Ubelgiji, pamoja na mke wake na watoto wao watatu. Mwaka jana aliniandikia barua ndefu, lakini swali lake lilikuwa fupi: «Yaya, safari hii tutalala wapi?»

Pengine utacheka. Mtu mzima aliyezoea miji ya Ulaya, amwulize mwalimu aliye Bukavu habari za hoteli! Lakini mimi sikucheka, maana nilijua yaliyompata mara ya kwanza.

Mara ile alikuwa amewaahidi watoto kuwapeleka Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo iliyo upande wa mashariki wa Paris. Alitafuta hoteli kwa kutazama bei peke yake. Akaipata moja iliyojisifu kuwa iko «dakika kumi tu» kutoka bustanini. Akafurahi, akalipa. Kumbe dakika kumi hizo zilikuwa za motokari, naye alikuja kwa gari la moshi. Usiku, bustani ilipofungwa, basi la mwisho lilikuwa limekwisha kupita. Wakaenda kwa miguu kando ya barabara kuu, baba amembeba kitindamimba mgongoni, mama anawavuta wakubwa kwa mkono, na mvua inanyesha. Kesho yake watoto waliamka saa nne, mmoja wao ana homa. Tikiti za siku hiyo zilikuwa zimekwisha kulipwa, na nusu ya siku ikapotea kitandani. Ndivyo hoteli ya bei rahisi ilivyogeuka kuwa ghali.

Safari ya pili ilikuwa na jambo zito zaidi. Mama yetu, mwenye miaka 71 na magoti yanayomwuma, alikuwa amepata viza ya kwenda kuwaona wajukuu wake. Mdogo wangu na shemeji walikuwa wameweka akiba muda wa miaka miwili, kusudi mama aende pamoja na watoto. Safari ya namna hiyo mtu kama mama haifanyi mara mbili. Je, tukikosea tena, ni nani atakayemrudishia siku zake?

Kwa nini hoteli ya karibu ni ghali?

Kabla ya kumjibu nilitaka kufahamu kwanza jinsi bustani hizi zilivyopata hoteli zake, maana asiyejua chanzo cha bei hawezi kuipima.

Tarehe 17 Julai 1955 Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza katika mji wa Anaheim, jimbo la California, huko Marekani, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa. Fedha zake zote zilikwisha katika kujenga michezo, hazikubaki za kujenga hoteli. Basi alimwomba Jack Wrather, tajiri wa mafuta na wa televisheni, ajenge hoteli kando ya bustani. Hoteli hiyo ilifunguliwa Oktoba mwaka uleule. Majirani nao hawakulala. Nyumba za wageni zikaota pande zote kama uyoga baada ya mvua, na kila mwenye kiwanja akachuma faida ya bustani asiyoijenga.

Disney hakupendezwa na jambo hilo. Alipotaka kujenga bustani nyingine katika jimbo la Florida, alinunua ardhi kimyakimya, hekta 11,000 hivi, kwa majina ya makampuni mengine, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Hakuiona kazi hiyo ikitimia, kwani alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Bustani ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, nazo hoteli za kwanza zilikuwa ndani ya ardhi ya kampuni yenyewe. Tangu hapo wenye bustani wameshika somo moja: mgeni anayelala kwako hutumia fedha zake kwako, asubuhi na jioni.

Kwa sababu hiyo, bustani ya Paris ilipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, ilikuwa tayari na hoteli sita na mahali pa vijumba vya msituni, jumla vyumba zaidi ya 5,000. Lakini hesabu ya wakubwa ilikosea. Familia nyingi zilikuja asubuhi na kurudi jioni, maana Paris iko karibu, kilometa 32 hivi, na treni ya mji, mstari wa A, hufika mpaka mlangoni. Hoteli moja yenye vyumba zaidi ya 1,000 ilifungwa majira ya baridi ya kwanza kwa kukosa wageni. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Septemba 1993, kampuni ilipata hasara ya franka za Ufaransa miliari 5.3. Ikawa lazima kupatana upya na mabenki, kupunguza bei na kubadili jina.

Nalimwandikia mdogo wangu hivi: «Ikiwa wenye bustani wenyewe walikosea hesabu ya vitanda, wewe usione haya kuhesabu mara mbili. Nao wale waliolala Paris hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepima.»

Maswali matano

Basi tulipima na sisi. Nilimpa maswali matano, nayo yaweza kumfaa kila mzazi.

La kwanza: tu wangapi, na chumba kimoja chapokea wangapi? Katika hoteli nyingi za bustani ile, chumba cha kawaida ni cha watu wanne. Familia ya watu sita italipia vyumba viwili, isipokuwa ikipata chumba cha familia. Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya chumba, wala si ya familia yako.

La pili: umbali unapimwa kwa miguu ya nani? Usiulize «dakika ngapi?» bila kuongeza «kwa chombo gani?» Hoteli iliyo juu ya lango la bustani haina umbali. Zile zinazolizunguka ziwa dogo zataka robo saa hivi ya kutembea. Nyingine mbili zenye bei nafuu zaidi zataka dakika 20 hivi, ingawa mabasi ya bure huwachukua wageni. Vijumba vya msituni viko mbali, kilometa 8 hivi, navyo havina basi: asiye na motokari asivitamani. Mtu mzima mwenye afya atasema dakika 20 si kitu. Lakini mwendo wa familia ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, tena saa ya usiku, baada ya kusimama mchana kutwa.

La tatu: bei ina nini ndani yake? Hoteli za bustani mara nyingi huuza kitanda na tikiti pamoja, na hoteli za nje huuza kitanda peke yake. Asiyetenganisha hayo mawili analinganisha embe na kikapu cha maembe. Toa kwanza bei ya tikiti, ndipo upime. Kumbuka kwamba mtoto asiyetimiza miaka mitatu huingia bustanini bure. Uliza pia habari ya chakula cha asubuhi, mahali pa kuweka motokari, na kodi ya malazi, ambayo katika Ufaransa watoto wa chini ya miaka 18 hawatozwi. Tena wageni wa hoteli za bustani huruhusiwa kuingia asubuhi mapema kabla ya watu wengine. Ni faida ya kweli kwa anayeweza kuamka. Kwa familia inayoamka saa tatu si faida hata kidogo.

La nne: tutakula wapi jioni? Watoto watatu wenye njaa mbele ya mikahawa ya bustani humaliza fedha upesi kuliko hoteli yenyewe. Mahali penye jiko dogo pana thamani kubwa.

La tano: ikiwa safari itavunjika, fedha zitarudi? Mtoto huweza kuugua, na viza huweza kuchelewa. Bei iliyo rahisi kuliko zote mara nyingi ni ile isiyorudishwa. Kwa mtu anayemngoja mzazi wake kutoka Afrika, hilo ni jambo la kufikiri sana.

Hesabu ya ubaoni

Mdogo wangu alijibu haraka. Moyo wake ulikuwa kwenye ile hoteli kubwa ya rangi ya waridi iliyo langoni penyewe. «Mama ameteseka sana kwa ajili yetu», aliandika, «nataka alale mahali pa wakubwa. Nikipungukiwa nitakopa.»

Neno hilo lilinigusa, kwa maana mimi pia ni mtoto wa mama yule. Lakini deni halina adabu, halijui kwamba lilikopwa kwa upendo. Nikamwomba tufanye hesabu kama ubaoni, kwa siku mbili za kulala. Tuliiacha pembeni hoteli ya langoni, maana bei yake ilipita zote. Tikiti hatukuzihesabu, kwa kuwa ni zile zile popote ulalapo. Bei zifuatazo ni za mfano tu, maana zile za kweli hubadilika kila juma, nazo hupanda sana wakati wa likizo za shule.

Hoteli ya bustani, mwendo wa miguu: vyumba viwili, yuro 220 kila kimoja, usiku mbili, yaani yuro 880. Chakula cha jioni cha watu sita, yuro 25 kila mtu, mara mbili, yuro 300. Jumla yuro 1,180.

Hoteli rahisi katika Paris: vyumba viwili kwa yuro 90, usiku mbili, yuro 360. Chakula yuro 180. Treni, watu sita mara nne kwa yuro 3, yuro 72. Jumla yuro 612.

Kijumba cha msituni chenye vitanda sita na jiko: yuro 260, usiku mbili, yuro 520. Vyakula vya sokoni yuro 80. Mafuta ya motokari yuro 30. Jumla yuro 630.

Tazameni. Kati ya Paris na kijumba tofauti ni yuro 18. Lakini kulala Paris ni kupanda treni dakika 40 hivi kila asubuhi na kila usiku, kushuka na kupanda ngazi, na pengine kusimama njia nzima. Nikamwandikia: «Je, magoti ya mama hayafikii yuro 18?»

Shemeji alimpigia mama simu, akamweleza hayo yote, pamoja na ile hoteli ya waridi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Wanangu, mimi nalala nimefumba macho. Rangi ya ukuta siioni. Nipeni mahali ambapo nitawasikia watoto wakipumua.»

Shauri likaisha hapo. Rafiki mmoja aliwaazima motokari ya viti saba, wakachukua kijumba.

Yaliyotokea

Sitasema kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Tulikuwa tumesahau swali la sita: saa ya kurudisha ufunguo. Asubuhi ya kuondoka, shemeji hakwenda bustanini pamoja na wenzake mpaka jua lilipokwisha kupanda, kwa sababu ya kufunga mizigo na kufagia. Mtu atakayefuata shauri langu aongeze swali hilo katika karatasi yake.

Lakini siku ya kwanza, mama alipanda lile gari la moshi dogo linaloizunguka bustani yote, akaona mambo mengi naye ameketi. Alilipenda, akalipanda tena. Alasiri, mwili ulipokataa, mwanawe alimrudisha kijumbani pamoja na kitindamimba aliyekuwa amesinzia. Wakubwa wakabaki na mama yao mpaka taa za usiku. Waliporudi walikuta sufuria juu ya jiko, na nyanya yao anawangoja.

Baadaye nilimwuliza mtoto wa kati katika simu ni kitu gani alichopenda kupita vyote. Nilitazamia anitajie michezo ya ajabu. Alifikiri kidogo, akajibu: «Usiku ule nyanya alipotusimulia hadithi gizani, mpaka baba naye akalala.»

Ndugu msomaji, huenda wewe hutakwenda Paris kamwe. Lakini utakwenda Goma kwa arusi, au Lubumbashi kumsindikiza mtoto chuoni, nawe utaulizwa ulale wapi. Usianze na uzuri wa jengo, wala usianze na bei peke yake. Anza na mtu aliye dhaifu kuliko wote katika msafara wako: ni nani, ana miguu gani, atachoka saa ngapi. Ukishamjua huyo, chukua karatasi na kalamu. Hesabu itakuwa rahisi.