Jinsi Vijidudu Vinavyogawiana Ngao Dhidi ya Dawa

Katika nyumba nyingi hakukosekani kijikaratasi chenye vidonge viwili vitatu vya rangi mbili, vilivyosalia tangu mgonjwa wa mwisho alipopata nafuu. Mtoto akiharisha au akikohoa, akiba hiyo hufunguliwa. Desturi hii huonekana kuwa ni uangalifu wa matumizi, kumbe ni miongoni mwa mambo yanayozipotezea dawa nguvu zake.

Nchini Tanzania hatari hiyo ilidhihirika wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 1977. Hapo mwanzo vijidudu vya maradhi hayo vilishindwa na dawa ya tetrasaiklini bila taabu. Dawa hiyo ikatumiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao, bali hata kwa watu wazima wa afya kama kinga. Baada ya miezi mitano, Dk. F. S. Mhalu na wenzake waligundua kuwa sampuli 76 katika kila 100 zilikuwa na vijidudu visivyodhurika tena na tetrasaiklini. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1979 katika jarida la The Lancet, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa ngao ya vijidudu hivyo ilibebwa na plasmidi.

Plasmidi ni nini? Kila kijidudu cha aina ya bakteria kina uzi mkuu wa urithi, unaoamua umbo lake na maisha yake. Mbali na uzi huo, bakteria wengi wana vipande vidogo vya urithi, aghalabu vyenye umbo la pete. Hivyo ndivyo plasmidi, jina lililotolewa na mtaalamu wa Marekani, Joshua Lederberg, mwaka 1952. Bakteria mwenye plasmidi aweza kujiunga na jirani yake kwa kimrija chembamba, akampa nakala ya pete hiyo naye akabaki na yake. Hivyo ngao hairithiwi na watoto wa bakteria tu. Hupewa jirani pia, hata akiwa wa jamii nyingine.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba vipande vya urithi huweza kukatika kutoka plasmidi moja na kuunganika na nyingine. Kwa njia hiyo ngao za dawa mbalimbali hukusanyika katika pete moja, na anayeipokea huzipata zote kwa mara moja.

Wataalamu wa Japani walikuwa wameyaona hayo tangu miaka ya 1950, walipopata vijidudu vya kuhara damu visivyoshindwa na dawa nne tofauti. Mwaka 1959 walithibitisha kuwa ngao hizo zaweza kuhama kutoka kwa bakteria wa kawaida wa utumbo na kuwaingia wale wa kuhara damu.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia jikoni na chumbani. Kidonge anachopewa mtoto bila sababu huua bakteria dhaifu wa utumbo wake, kikawaacha wenye ngao wazaliane kwa nafasi. Siku atakapopatwa na ugonjwa wa hatari, maadui wapya watakuta silaha zimekwisha kuandaliwa.

Kwa hiyo yawapasa wazazi kuzingatia haya. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, navyo havidhuriki na dawa za kuua bakteria. Mtoto anayeharisha huhitaji kwanza kurudishiwa maji mwilini. Pasipopatikana pakiti za hospitali, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akitoa damu, akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe zahanati bila kukawia. Dawa aliyoandikiwa na mganga itumiwe kwa kipimo na siku zilizoagizwa; asigawiwe jirani, wala isiwekwe akiba.

Aidha, maji safi, choo kinachotumiwa ipasavyo na mikono iliyooshwa kwa sabuni huwazuia vijidudu kabla dawa haijahitajika. Kijidudu kisichoingia tumboni hakipati wa kumgawia ngao yake.