Dawa ya Kichwa Inapozidi

Ndugu, kichwa kikikuuma, si vibaya kumeza parasetamoli au aspirini. Ni dawa nzuri. Lakini kuna watu wanaozimeza karibu kila siku, na kichwa hakiponi. Asubuhi kinauma, wanameza viwili. Saa sita kinarudi, wanameza tena. Sokoni vidonge vinauzwa kimoja kimoja kama karanga. Mtu anasema, "Nipe kinini ya kichwa," na hakuna anayemwuliza jana alimeza vingapi. Mwisho anafikiri amerogwa. Hapana. Huenda dawa yenyewe ndiyo inayomletea maumivu.

Namna gani dawa ya maumivu inaleta maumivu? Kwa mtu ambaye kichwa humwuma mara kwa mara, ubongo unaizoea dawa. Dawa ikipungua mwilini, ubongo unalia kama mtoto aliyezoea kubebwa mgongoni na sasa amewekwa chini. Mtu anameza tena, anatulia kidogo, kisha kilio kinaanza upya.

Basi, hesabu siku ulizomeza dawa, si vidonge tu. Kama unameza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu au zaidi, uko katika hatari hii. Kwa vidonge vya dawa zilizochanganywa, na kwa kodeini na tramadoli, siku 10 zinatosha. Asiyejua kuandika atie punje moja ya hindi ndani ya chupa kila siku anayomeza dawa. Wengi wanashangaa wakiona chupa mwisho wa mwezi.

Kabla ya kuacha, uje hospitali upimwe damu na presha, kwa sababu kichwa kinauma kwa sababu nyingi. Usingoje hata siku moja kama una homa na shingo ngumu, kama maumivu makali yamekuja kwa ghafula, kama mkono au mguu umelegea, au kama wewe ni mama mwenye mimba na uso umevimba au macho yanaona giza. Mtu anayeumwa kichwa siku nyingi na kusinzia mchana apimwe pia ugonjwa wa malale.

Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kuachwa siku moja, na aspirini vilevile, isipokuwa aspirini ile ndogo ambayo munganga alikupa kwa ajili ya moyo. Hiyo usiiache. Tramadoli na kodeini usiziache kwa ghafula. Munganga atazipunguza kidogo kidogo.

Tunakuambia wazi: siku za kwanza ni ngumu. Kichwa kitauma kuliko mbele, pengine utatapika, usingizi utakimbia. Mara nyingi taabu hii inadumu siku 2 mpaka 10. Wengi wanashindwa siku ya tatu, kwa kuwa wanadhani maumivu haya ni ishara kwamba dawa ni ya lazima. Ni mwili unaojifunza kukaa bila dawa. Kwa hiyo chagua juma lisilo na kazi nyingi ya shamba wala arusi, na uwaambie watu wa nyumbani.

Nanyi wa nyumbani, msimkaripie kama mlevi. Hakufanya uovu, alitafuta kupona. Wala msimhurumie kwa kumletea "kimoja tu," maana hicho kimoja kinaweza kurudisha kazi nyuma. Toeni vidonge vyote nyumbani. Mteke maji, mpike sombe, mwatulize watoto, mmpe chumba chenye giza na kitambaa cha maji baridi. Mgonjwa anywe maji, ale kwa saa zake, alale kwa saa zake. Kama anakunywa kahawa nyingi, aipunguze polepole.

Pengine munganga atakupa dawa nyingine, kama amitriptilini, ya kumeza kila usiku. Hiyo si ya kutuliza maumivu ya leo, ni ya kuzuia ya kesho, nayo inachukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Usiitupe siku ya tano.

Kichwa chako cha zamani kinaweza kurudi mara moja moja. Hapo meza dawa, lakini isipite siku mbili katika juma. Kisha baada ya miezi miwili urudi hospitali, na ulete ile chupa ya mahindi, tuhesabu pamoja.