Jicho la mtoto katikati ya neno refu

Ukiingia katika maktaba ya kitaifa iliyoko Upper Hill, Nairobi, ukawatazama wasomaji badala ya vitabu, utaona tofauti moja haraka. Mtu mzima aliyeinamia gazeti ametulia tuli. Mtoto aliyeambiwa asome kimoyomoyo, midomo inacheza na kidole kinatambaa chini ya mstari. Wapo wazazi, na hata walimu, wanaoona kidole hicho kuwa dalili ya uzito wa akili. Sikubaliani nao hata kidogo.

Tunaposoma, tunahisi macho yakiteleza juu ya mstari kama gari kwenye lami. La hasha! Tangu miaka ya 1870, enzi za daktari wa macho Mfaransa Émile Javal, imejulikana kuwa macho huruka na kutua. Mtu mzima hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka herufi saba hadi tisa hivi. Akiwa katika mruko haoni kitu cha maana. Akitua, huona barabara herufi chache, na kudokoa habari hafifu za herufi nyingine zilizo mbele, upande wa kulia. (Msomaji wa hati za Kiarabu, zilizotumiwa na washairi wetu wa Lamu, hudokoa kushoto.) Mtoto anayeanza hutua mara nyingi zaidi, hukawia zaidi kila anapotua na hurudi nyuma mara kwa mara.

Vipimo hivi vimetokana zaidi na wasomaji wa Kiingereza. Kiswahili je?

Hebu tazama maneno haya: anapika, anapita, anapiga. Herufi ni saba katika kila neno, na tofauti yote imejificha kwenye herufi ya sita. Mwanzo unafanana na mwisho unafanana. Kuna dhana iliyoenea kwamba msomaji hutambua neno kwa herufi ya kwanza na ya mwisho tu. Mtoto wa Kiswahili akiifuata dhana hiyo, amepotea njia. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa a, na huanza kwa viambishi vilevile vya nafsi na wakati. Mzizi, ambao ndio kiini cha maana, umekaa ndani.

Sasa chukua hawakutuambia: herufi 13, silabi saba. Badilisha -ku- iwe -ta-, na jambo la jana linakuwa la kesho. Mtu mzima hulishika neno hili kwa kutua mara moja au mbili, kwani amekwisha kuzoea hawa-, -ku-, -tu- kama vipande vizima. Mtoto hulijenga silabi kwa silabi, na akifika -mbia huenda ha- ya ukanushi imeshamtoka kichwani. Ndipo macho yanaporudi nyuma. Kidole, basi, kinamshikia mahali; midomo inamhifadhia silabi zilizopita. Kumpiga marufuku mapema ni kumnyang'anya mkongojo kabla mguu haujapona.

Kuna jambo jingine linalonikera. Kiingereza kingetumia maneno matano pale tulipotumia moja. Katika mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, kigezo cha mtoto anayesoma kwa ufasaha kilikuwa maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza na 45 katika Kiswahili. Waliotenganisha vigezo hivyo walifanya busara. Nyumbani, lakini, mzazi hushika saa, akahesabu maneno ya lugha zote mbili kwa kipimo kimoja, kisha akatangaza kwamba mwanawe "Kiswahili kimemshinda". Bwana wee, umemhesabia magunia kwa vibaba!

Tahajia yetu humsaidia mtoto kwa kuwa herufi husomeka jinsi zinavyoandikwa. Akishajua silabi, anaweza kutamka hata neno asilowahi kuliona. Hatari ni kumwacha hapohapo, akiimba ha-wa-ku-tu miaka nenda miaka rudi. Ningependa mwalimu wa Gredi ya Pili aandike ubaoni walituambia, watatuambia, hawakutuambia, awaombe watoto wayasome kimya, kisha aulize: ni lipi linasema kwamba hatukuambiwa? Asiulize nani amemaliza kwanza. Na mtoto akitaka kuonyesha jibu kwa kidole, aachwe aonyeshe.