Kiwanja Changu, Matuta ya Wanafunzi

Kiwanja changu kiko Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, na sina mpango wa kujenga karibuni. Badala ya kukiachia magugu, nimewakaribisha wanafunzi wa sekondari ya jirani walime mboga: mchicha, chainizi na bamia.

Makubaliano yetu ni ya maandishi. Wazazi na mwalimu wao wamesaini, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Ardhi inabaki yangu, mazao ni yao. Hawapandi miembe wala minazi, kwa kuwa mti wa kudumu unaweza kuzua madai ya umiliki baadaye. Maji ya kisima natoa mimi. Mbegu, majembe na samadi wanaleta wao.

Nawashauri waanze na mchicha. Huvunwa wiki 3 hadi 4 tangu kusia, hivyo mtoto huona matunda ya jasho lake kabla hajakata tamaa. Njiani hujifunza kupima nafasi, kutandaza nyasi kavu ili udongo usikauke, na kuandika hesabu za mauzo.

Ewe mwenye kiwanja kilicholala, zungumza na mkuu wa shule iliyo karibu nawe. Andikishaneni, kisha wape watoto nafasi walime.