Jina la Mnyama Nalo ni Elimu

Mimi ni mwanaisimu. Hata hivyo, nina neno na wanafunzi wa zuolojia. Mbega wa Msitu wa Mau, unaopakana na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kitaalamu huitwa Colobus guereza. Asili ya “Colobus” ni neno la Kigiriki lenye maana ya “kilichokatwa”, kwani kidole gumba cha mbega ni kigutu tu. Kumbe jina ni maelezo! Je, Wakipsigis, ambao koo zao hujitambulisha kwa wanyama, wameeleza mangapi katika majina yao? Mtafiti asiyeuliza hurudi chuoni na nusu ya elimu. Walimu, watumeni vijana kwa wazee, daftari mkononi, kabla wazee hao hawajatutoka.