Maji Yakatayo Chuma: Faida na Gharama Zake kwa Vyama vya Msingi

Katika karakana nyingi, za Tinde na za kwingineko mkoani Shinyanga, bamba la chuma hukatwa kwa moto wa gesi au kwa jiwe la kusagia. Njia hizo zafaa kwa kazi nyingi, lakini zina kasoro moja, nayo ni joto. Bamba jembamba hupinda, na chuma kilichotiwa ugumu kiwandani hulainika ukingoni. Kipuri cha namna hiyo hulika upesi, na gharama ya kununua kingine hatimaye humwangukia mkulima.

Ipo njia isiyotumia moto, nayo ni kukata kwa maji. Pampu huyasukuma maji kwa shinikizo la baa 4,000 hivi, yaani zaidi ya mara 1,500 ya upepo wa tairi la gari dogo. Maji hayo hupenyezwa katika kitundu chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kilichotobolewa katika yakuti au almasi, kwa kuwa chuma cha kawaida kingelika mara moja. Hutoka kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya sauti.

Maji matupu hukata mpira, ngozi na sponji. Ili kukata chuma na mawe, huchanganywa na chembe za ganeti, jiwe ambalo aina zake za vito huchimbwa katika Bonde la Umba, Tanga. Mbinu hiyo ya kuchanganya ilibuniwa na mhandisi Mohamed Hashish nchini Marekani, karibu na mwaka 1980. Tangu hapo zimetengenezwa pampu zifikiazo baa 6,000, pamoja na vichwa vinavyoongozwa na kompyuta ambavyo hujiinamisha ili ukingo usiwe mshazari. Chuma chenye unene wa sentimita 10 hukatika, ingawa polepole.

Hata hivyo, faida hiyo ina bei yake. Mashine moja yaweza kutumia lita 4 za maji kwa dakika, yaani ndoo 12 za lita 20 kwa saa. Ganeti ikitumika nusu kilo kwa dakika, kwa saa ni kilo 30. Maji yenye chumvichumvi nyingi huharibu pampu na kitundu, hivyo hayana budi kusafishwa kwanza. Aidha, umeme wa kutosha ni lazima.

Kwa hiyo si mashine ya kununuliwa na chama cha msingi. Kinachotakiwa ni viongozi kujua wakati wa kuagiza kazi ya namna hiyo. Bamba nene la kawaida la kuzibia tela lakatwa kwa gesi bila hasara. Kipuri chembamba, kigumu, au chenye vipimo vya kukaza ndicho kistahilicho maji. Kamati ipeleke mchoro wenye vipimo, iagize vipuri kadhaa kwa mara moja, na ilinganishe bei na muda ambao kipuri kitadumu.

Tahadhari ya mwisho: mkondo huo hupenya mwilini kwa tundu dogo lisilotoa damu nyingi, huku ukiharibu nyama ndani. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitali papo hapo, na daktari aelezwe kuwa ni jeraha la maji ya shinikizo.