Mwanao akisema "nimechoka" uwanjani, kocha anasikia nini?

Mei 29, 2018, muda mfupi kabla ya saa 11 jioni, kijana wa miaka 19 alianza kuyumba kwenye uwanja wa mazoezi wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Jina lake Jordan McNair. Timu yake ilikuwa imepangiwa mbio 10 za kasi, kila moja karibu mita 100, na pumziko fupi katikati. Mbio zilipokaribia kwisha, miguu ilimkataa na wenzake wakamshika huku na huku asianguke.

Jordan alikuwa mtu wa miraba minne, uzito zaidi ya kilo 140. Mchezo wake haukuwa soka letu hili. Ulikuwa ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na kugongana vifua, ambao wachezaji wa mstari wa mbele huchaguliwa kwa ukubwa wa mwili.

Alipofika hospitali, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 41. Madaktari wakajitahidi, hata ini likapandikizwa jipya. Juni 13 akafariki dunia.

Nimesoma habari za kifo hiki mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni saa. Chuo kilimwita mtaalamu wa nje, Rod Walters, achunguze kilichotokea. Alibaini kwamba tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa kuondoka chuoni ilipita saa 1 na dakika 39. Katika muda wote huo hakuna aliyempima Jordan joto la mwili, wala hakutumbukizwa kwenye maji ya baridi. Na hiki ni chuo chenye wahudumu wa afya uwanjani na barafu ya kutosha.

Agosti mwaka huo, rais wa chuo alikubali hadharani kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili. Kocha mkuu, DJ Durkin, alisimamishwa, akarudishwa kazini mwishoni mwa Oktoba, kelele zikawa nyingi, na siku iliyofuata akafukuzwa. Mwaka 2021 familia ikakubali fidia ya dola milioni 3.5.

Kwa nini hakusema?

Mzazi anaweza kuuliza: kijana mkubwa vile, kwa nini hakukaa tu chini?

Tume iliyoundwa kuchunguza timu hiyo ilieleza kwamba matatizo yaliota mizizi kwa sababu wachezaji waliogopa kusema. Hofu hiyo ina sababu zake. Chuoni Marekani, mchezaji wa namna hii mara nyingi anasoma kwa udhamini unaotokana na mchezo, na kocha ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi. Ukionekana mlegevu leo, kesho nafasi yako ina mwenyewe.

Juu ya hapo kuna hadithi za kale. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwapeleka wachezaji wa Texas A&M kwenye kambi ya siku 10 katika mji wa Junction, Texas, wakati wa ukame na joto kali. Walifanya mazoezi bila kupewa maji. Walikwenda karibu 100, wakabaki kama 35. Mchezaji mmoja alizidiwa na joto nusura afe. Waliobaki wanasimuliwa mpaka leo kama mashujaa, kitabu kikaandikwa na filamu ikatengenezwa. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba msimu ule timu ilishinda mechi 1 na kupoteza 9.

Sitawacheka Wamarekani. Nilipokuwa sekondari tulikimbia mchakamchaka, na mwalimu mmoja wa zamu aliamini kabisa kwamba kunywa maji katikati ya mazoezi "kunalegeza". Aliyeomba maji aliongezewa mzunguko. Tulijifunza kunyamaza upesi sana.

Joto linapogeuka kuwa dharura

Msuli unaofanya kazi unazalisha joto, na mwili unalitoa hasa kwa jasho. Mazoezi yakiwa makali kuliko uwezo wa mwili kujipoza, joto la ndani hupanda na kuvuka nyuzi 40. Hapo ubongo, ini na figo huanza kuumia. Hali hii huitwa kiharusi cha joto, ingawa si kile kiharusi cha kupooza tunachokijua.

Dalili zake ndizo zinazoponza watu, kwa sababu zinafanana na uvivu au utovu wa nidhamu. Mtoto anayumba. Anajibu mambo yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, anatapika, anaanguka. Kocha mwenye haraka anaona mtu anayejifanyisha. Tena usidanganyike na jasho: aliyepatwa na hali hii akiwa mazoezini anaweza kuwa bado analowa jasho. Kumgusa paji la uso au kuweka kipimajoto kwapani pia hakutoshi, maana ngozi inaweza kuwa ya kawaida huku ndani kunawaka.

Wataalamu wa tiba ya michezo wana kanuni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mgonjwa anavuliwa nguo nzito na kuingizwa mpaka shingoni kwenye maji ya baridi, yenye barafu ikipatikana, kichwa kikiwa kimeshikwa juu, huku mwingine akipiga simu ya msaada. Akipozwa vizuri ndani ya dakika 30 hivi, karibu kila mgonjwa hupona. Pasipo na sinki kubwa, watu kadhaa hushika turubai pembeni, mgonjwa analazwa katikati na maji yanamiminwa humo. Hata ndoo baada ya ndoo, na vitambaa vilivyoloweshwa vikibadilishwa mfululizo, ni bora kuliko kumlaza kivulini na kumpepea kwa daftari. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Wenye kurithi chembe ya seli mundu

Hapa naomba wazazi wasome polepole, maana jambo hili linatugusa moja kwa moja.

Septemba 2006, Dale Lloyd, mchezaji wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, alianguka baada ya kukimbia mbio 16 za karibu mita 100, akafariki. Alikuwa amerithi chembe ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hakuwa mgonjwa wa seli mundu. Watu wa namna hii huishi maisha yao yote bila shida, na wengi hawajui hata kama wamerithi. Lakini wakisukumwa mfululizo bila kupumzika, chembe nyekundu za damu zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa midogo. Kuanzia 2010, chama cha michezo ya vyuo Marekani kikaagiza wachezaji wa daraja la juu wapimwe.

Afrika Mashariki ina watu wengi waliorithi chembe hii. Kama katika ukoo wenu kuna mgonjwa wa seli mundu, mpimishe mwanao, na majibu yakionyesha amerithi, mwambie mwalimu wa michezo. Asizuiwe kucheza. Anachohitaji ni kuanza taratibu, kupumzika kati ya mbio, kunywa maji, na kuachwa akae anapoishiwa nguvu.

Mtoto mwingine yeyote naye yuko hatarini zaidi siku chache za kwanza baada ya likizo, kabla mwili haujazoea joto, jambo linalochukua wiki moja hadi mbili. Vivyo hivyo aliyetoka kuumwa homa au kuharisha, asiyelala vizuri na mwenye mwili mkubwa.

Siku ya kikao cha wazazi, baada ya habari za ada na matokeo, nyoosha mkono uulize mazoezi ya timu yanafanyika saa ngapi, maji yako wapi, na mtoto akianguka nani atafanya nini dakika ya kwanza. Baba yake Jordan, Martin McNair, ameanzisha taasisi kwa jina la mwanawe. Miongoni mwa vitu inavyogawa kwa shule ni mabeseni makubwa ya kumpoza mchezaji.